Jina Lipo, Mtu Haonekani

Ukimtafuta mtu Facebook usimwone, na juzi tu ulikuwa ukimwona, jibu hupatikana kabla hujamaliza kueleza: kakubloku huyo. Jibu hilo limevunja urafiki na kuzua maneno hata kwenye magrupu ya ukoo, na mara nyingi halina ukweli wowote. Kupigwa bloku ni sababu moja kati ya nyingi. Watu walianza kupotea kwenye orodha za kompyuta tangu miaka ya 1980, kabla Facebook haijafikiriwa, na waliopotea ni wakubwa kwa wadogo. Jioni ya Alhamisi, 2 Novemba 2017, akaunti ya Rais wa Marekani, Donald Trump, ilitoweka Twitter kwa dakika 11. Waliokwenda kuitazama walikuta maelezo kwamba ukurasa huo haupo. Hapakuwa na mdukuzi wala amri ya mahakama. Kampuni ilieleza kwamba mfanyakazi wa huduma kwa wateja, akiwa katika siku yake ya mwisho kazini, ndiye aliyeizima.

Dunia ilicheka, lakini kisa hicho kina uzito wake. Jina la mtu huonekana mtandaoni kwa sababu yupo mwenye daftari aliyekubali lionekane, na mwenye daftari huyo amebadilika mara nyingi. Kuna wakati alikuwa mwenye jina mwenyewe. Leo mara nyingi si yeye.

Afrika Mashariki ilikuwa na njia zake za kutafutana kabla ya intaneti. Magazeti na majarida yalikuwa na safu za marafiki wa kalamu: jina, umri, S.L.P., mji, na mambo ayapendayo, ambayo karibu kila mara yalikuwa kusoma, kusikiliza muziki na kubadilishana mawazo. Redio nazo zilisoma kadi za salamu, na wapo waliojulikana nchi nzima kwa jina tu, bila mtu kuwaona sura. Aliyetaka kupatikana alijaza kuponi au alinunua kadi. Aliyechoka aliacha. Sanduku la posta lenyewe mara nyingi lilikuwa la shule, la misheni au la mwajiri, kwa hiyo mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne alipotea siku hiyohiyo kwa marafiki wote aliowapata kwa barua. Hakuna aliyenuna. Kila mtu alijua kwamba anuani ni ya muda.

Kitabu cha simu kilileta tabia nyingine. Kile cha kwanza, kilichotolewa New Haven, Marekani, Februari 1878, kilikuwa karatasi moja yenye majina 50 ya watu na biashara, bila hata namba, maana mpigaji alimtajia opereta jina tu akaunganishwa. Miaka ilivyokwenda, kuwemo kitabuni kukawa ndiyo kawaida, na kutokuwemo kukawa huduma ya kulipiwa: kampuni za simu za Marekani zilimtoza ada ya kila mwezi mteja asiyetaka namba yake ichapishwe. Angalau aliyelipa alijua amefichwa, na alijua ni kwa hiari yake.

Profaili ya kompyuta ilizaliwa maabara. Mwaka 1971, katika maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Stanford, Les Earnest aliwaona wenzake wakipitisha vidole juu ya orodha ya waliokuwa wakitumia kompyuta ya pamoja, wakihangaika kujua alama fulani ni ya nani na kama mwenyewe bado yuko kazini. Akaandika programu ndogo iliyotoa jina kamili la mtu, mahali anapokaa na mara ya mwisho alipoigusa kompyuta. Akaiita Finger. Baadaye akaongeza faili ambamo kila mtu angeweza kuandika alichotaka: nipo likizo, nitarudi lini, anayenitaka anitafute wapi. Mtu wa leo akiyaona hayo atasema ni profaili kamili, imekosa picha tu. Vyuo vingine vikaipenda, na mwaka 1977 kanuni zake zikaandikwa rasmi ili kompyuta za mbali nazo ziweze kuulizana habari za watu.

Kilichoiua Finger ni tukio la tarehe 2 Novemba 1988, tarehe ileile ya kisa cha Trump, miaka 29 kabla yake. Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia programu iliyojisambaza yenyewe kwenye intaneti na kulemaza maelfu ya kompyuta. Moja ya milango aliyopitia ilikuwa huduma ya Finger. Huduma hiyo ilitenga nafasi ya herufi 512 kwa ajili ya jina linaloulizwa, na haikukagua urefu wa swali. Programu ya Morris ilipeleka 536. Zile zilizofurika zilikuwa na amri ndani yake, na kompyuta ikazitii. Baada ya hapo wasimamizi wa kompyuta wakaanza kuifunga huduma hiyo, chuo baada ya chuo, na watu ambao hawakuwa wamekosa lolote wakawa hawatafutiki tena. Hakuna aliyewaomba ruhusa.

Mitandao ya kijamii yenyewe ilianza na ukuta. Friendster ya Jonathan Abrams, iliyopata umaarufu mwaka 2003, ilimruhusu mtu kuona kurasa za walio ndani ya hatua nne tu kutoka kwake: rafiki, rafiki wa rafiki, hivyohivyo mpaka mara ya nne. Aliye mbali zaidi ya hapo hakuonekana kabisa, hata kama mnaishi mtaa mmoja. Watumiaji wakabuni dawa. Walifungua kurasa za bandia zenye majina ya watu mashuhuri, vyuo na wahusika wa kubuni, kisha maelfu wakazifanya rafiki ili kila mmoja apate kuwa karibu na kila mwingine. Kampuni ikazifuta. Katika kufuta huko iliwapitia pia watu wa kweli waliokuwa wameweka picha zisizo za sura zao. Aliyependa kuweka picha ya paka aliamka hana ukurasa. Mwaka 2011 Friendster, wakati huo ikiwa mali ya kampuni ya Malaysia, ilifuta picha na maandishi ya miaka yote na kugeuka mtandao wa michezo.

Lakini aliyewafundisha watu kutafutana kwa majina halisi ni Facebook, na hadithi yake inafaa isimuliwe polepole.

Mtandao huo ulifunguliwa Harvard tarehe 4 Februari 2004, ukiwa wa wanafunzi wa chuo hicho peke yao, kisha vyuo vingine vikaongezwa. Mtu wa nje hakuona kitu. Septemba 2006 ulifunguliwa kwa yeyote mwenye miaka 13 na zaidi aliye na barua pepe. Septemba 2007 kampuni ikatangaza kwamba majina na picha za watumiaji vitaanza kuonekana hata kwenye mitambo ya kutafutia kama Google, isipokuwa kwa aliyekataa. Juni 2009 Facebook ikatoka kwa Kiswahili, na mwezi huohuo ikawaruhusu watu kujichagulia anuani fupi za kurasa zao badala ya namba ndefu. Milango ilifunguliwa tarehe 13, dakika moja baada ya saa sita usiku kwa saa za New York, ambayo kwa Nairobi na Dar es Salaam ilikuwa saa moja na dakika moja asubuhi, Jumamosi. Waliochelewa kuamka walikuta majina mazuri yamekwenda. Ile namba haikuondoka, iliendelea kufanya kazi chini kwa chini. Lakini aliyebadilisha anuani yake fupi baadaye aliviua viungo vyote alivyokuwa ameshawapa watu, na hadi leo wapo wanaobonyeza kiungo cha zamani wakaambiwa maudhui hayapatikani, wakadhani mwenyewe amekufa au amewanunia.

Katika miaka hiyo Facebook ilikuwa na kitu kizuri ambacho wengi wamekisahau. Kwenye mipangilio ya faragha palikuwa na swali dogo: nani anaweza kukutafuta kwa jina? Mtu angeweza kujibu kila mtu, marafiki wa marafiki, au marafiki tu. Mwanamke aliyemkimbia mume mpigaji, mwalimu asiyetaka wanafunzi wamfikie, hakimu, askari, wote walichagua jibu la mwisho na kukaa ndani kwa amani. Wakaendelea kuwasalimia ndugu zao huku nje hawaonekani.

Januari 2013 kampuni ilitangaza mtambo mpya wa kutafutia, Graph Search, uliokuwa na ahadi ya kujibu maswali kama ni marafiki gani wanaishi mji fulani na wanapenda muziki fulani. Mtambo wa kutafuta watu haupendi watu waliojificha. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Facebook ilikuwa imeshasema itaiondoa ile mipangilio ya kujificha, na Oktoba 2013 ikaiondoa kwa waliokuwa bado wanaitumia. Sababu iliyotolewa ni kwamba wanaoitumia ni asilimia ndogo, na kwamba watu walikuwa wakichanganyikiwa: wanamtafuta mtu wanayemjua kabisa, hata aliye nao kwenye grupu moja, na hawamwoni. Yaani tatizo linalowasumbua watu mpaka leo, la kumtafuta mtu usimpate, lilitajwa kuwa ndiyo sababu ya kumnyang'anya mtu haki ya kutotafutwa.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kabla ya Oktoba 2013, mtu asiyeonekana Facebook aliweza kuwa amejificha kwa utaratibu uliokubalika. Baada ya hapo alibaki na njia tatu tu: kumbloku kila amwogopaye mmoja mmoja, kujibandika jina la uongo, au kuondoka. Kampuni iliyosema inataka watu wapatikane ikawafundisha watu kubloku na kudanganya majina. Hasara ya uamuzi ule haijaisha.

Mlango mwingine ulifungwa Aprili 2018. Mpaka wakati huo uliweza kuandika namba ya simu au barua pepe kwenye kisanduku cha kutafutia, ukaletewa mwenyewe. Katika joto la kashfa ya Cambridge Analytica, kampuni iliyojipatia taarifa za watumiaji wa Facebook bila ruhusa yao, Mike Schroepfer, ofisa mkuu wa teknolojia wa Facebook, alitangaza kwamba njia hiyo inafungwa kwa sababu wahalifu wameitumia kuvuna taarifa za umma za karibu watumiaji wote. Katika tangazo hilo alikiri kwamba njia hiyo ilikuwa na manufaa hasa mahali ambapo watu wengi wana jina moja, na akatoa mfano wa Bangladesh, ambako asilimia 7 ya utafutaji wote ulifanywa kwa njia hiyo. Uvunaji wa namna hiyo haukuwa hadithi: Aprili 2021 taarifa za watumiaji milioni 533, pamoja na namba za simu, zilimwagwa mtandaoni bure.

Asiyeelewa kwa nini Bangladesh ilitajwa na ajaribu kumtafuta Juma Salum wa Tanga. Au Asha Juma, au Mohamed Ali. Kwenye pwani yetu mtu huitwa kwa jina lake, la baba na la babu, na majina hayo yanazunguka ukoo mzima, mjukuu akirithi la babu. Tena tahajia haina mwenyewe: Mohamed, Mohammed, Muhammad na Mohamedi huweza kuwa mtu mmoja katika vyeti vinne. Halafu yuko Mama Neema, ambaye mtaa mzima unamjua kwa jina la mwanawe wa kwanza na hakuna jirani ajuaye kadi yake ya kupigia kura imeandikwa nini. Namba ya simu ndiyo iliyokuwa ikiwatenganisha watu hawa, na ndiyo iliyoondolewa.

Sera ya jina halisi ilizidisha mkorogo. Novemba 2011 mwandishi Salman Rushdie aliikuta akaunti yake ya Facebook imezimwa, akitakiwa athibitishe kwamba ni yeye. Akapeleka picha ya pasipoti. Pasipoti inasema Ahmed Salman Rushdie, basi kampuni ikamrudishia ukurasa kwa jina la Ahmed Rushdie, jina ambalo hajawahi kulitumia na ambalo hakuna msomaji wake angelitafuta. Akaenda kulalamika Twitter kwa kejeli kali, na Facebook ikasalimu amri. Rushdie alikuwa na jukwaa la kulalamikia. Miaka mitatu baadaye wasanii wa San Francisco wanaojulikana kwa majina ya jukwaani walifungiwa akaunti kwa mamia, na iliwabidi watishie maandamano ndipo ofisa mmoja mkubwa wa kampuni, Chris Cox, akaomba radhi hadharani, Oktoba 2014. Mama Neema hakuandamana.

Na hata jina likiwa sahihi, mtambo haumpi kila mtu jibu lilelile. Wahandisi wa Facebook walieleza mwaka 2013 jinsi mfumo wao, uitwao Unicorn, unavyotafuta ndani ya matrilioni ya mahusiano kati ya watu na vitu. Haupekui majina kwa alfabeti kama kitabu cha simu. Unaangalia anayetafuta ni nani, nani ni rafiki wa nani, na mwishoni kila jibu linakaguliwa kama mtafutaji huyo anaruhusiwa kuliona. Abiria wawili waliokaa kiti kimoja cha daladala wakiandika jina moja watapata orodha mbili tofauti. Aliyesoma na mtafutwa atamwona wa kwanza, mwenzake atamwona baada ya kushuka chini mpaka kidole kichoke, au asimwone. Mtu aliyefungua akaunti jana, hana rafiki, hana picha wala mji, yumo kwenye orodha lakini amelala chini kabisa ya mamia ya wenye jina lake. Huyo hajafichwa na yeyote, hana tu wa kumvuta juu.

Kufichwa kwa makusudi kupo pia, na Twitter ndiyo iliyotoa ushahidi mkubwa zaidi. Julai 2018 iligundulika kwamba majina ya baadhi ya wanasiasa wa chama cha Republican hayatokei yenyewe mtu anapoanza kuyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia, ingawa kurasa zao zipo. Kelele zikapigwa kwamba wamefungiwa kimyakimya. Septemba mwaka huo Jack Dorsey, mmoja wa waanzilishi na mkuu wa kampuni wakati huo, aliliambia Bunge la Marekani kwamba walioathirika walikuwa akaunti zipatazo 600,000 duniani, za kila rangi ya siasa. Sababu aliyoitoa inashangaza kuliko njama yenyewe: mfumo ulikuwa ukipima tabia za watu wanaokufuata. Wafuasi wako wakiwa wakorofi, wewe unashushwa. Dorsey alikubali kwamba kipimo hicho hakikuwa cha haki, na kikaondolewa. Desemba 2022, baada ya Elon Musk kuinunua kampuni, picha za skrini za ndani zilichapishwa zikionyesha kwamba wafanyakazi walikuwa na alama za kubandika kwenye akaunti, mojawapo ikiiondoa akaunti kwenye utafutaji. Mwenye akaunti hakuambiwa. Aliendelea kuandika, akijiona yupo.

Mahakama nazo ziliingia. Tarehe 13 Mei 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, mjini Luxembourg, iliamua kesi ya Mario Costeja González, Mhispania aliyelalamika kwamba kila jina lake likitafutwa Google hutokea matangazo ya gazeti ya mwaka 1998 kuhusu mali yake iliyopigwa mnada kwa deni alilokwishalimaliza. Alishinda. Matangazo yakabaki kwenye gazeti kama yalivyo, na kilichokatwa ni njia ya kutoka kwenye jina hadi kwenye ukurasa. (Masikini, kesi yenyewe ikalifanya deni lake lijulikane dunia nzima.) Kwetu, sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, nazo zinampa mtu haki ya kudai taarifa zake zisahihishwe au zifutwe katika mazingira fulani.

Serikali zikitaka watu wasionekane hazihangaiki na jina moja moja. Uganda ilitoa somo hilo kwa siku mbili za Januari 2021, wiki ya uchaguzi mkuu. Tarehe 11 Facebook ilisema imeziondoa akaunti zilizohusishwa na kituo cha mawasiliano na wananchi cha Wizara ya TEHAMA, kwa madai kwamba zilikuwa bandia zinazopigia debe serikali. Miongoni mwa waliojikuta nje ni Don Wanyama, ofisa habari wa Rais. Tarehe 12 Rais Yoweri Museveni akahutubia taifa na Facebook ikafungwa nchi nzima. Wananchi wakapiga kura tarehe 14 bila hata intaneti. Intaneti ilirudi siku chache baadaye, Facebook haikurudi nayo, na kwa miaka iliyofuata Mganda asiye na VPN aliwapoteza jamaa zake wote wa Facebook kwa mpigo, na wao wakampoteza yeye. Tanzania ilifuata njia inayofanana na hiyo Mei 2025, pale mtandao wa X, Twitter ya zamani, ulipozuiwa baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kutekwa na wadukuzi, ingawa serikali ilieleza kwamba kosa la mtandao huo ni kuruhusu picha za ngono. Mtumiaji wa Mwanza aliyeacha kuandika wiki ile hakuwa amemkasirikia mtu.

Si kila kupotea ni kwa ubaya. Kabul ilipoangukia mikononi mwa Taliban, Agosti 2021, watu waliokuwa wamefanya kazi na wageni walikuwa wakizifuta picha zao kwa mikono inayotetemeka. Facebook ikawawekea Waafghani kitufe kimoja cha kufunga profaili yote kwa wasio marafiki, na ikaondoa kwa muda uwezo wa kuona na kutafuta ndani ya orodha zao za marafiki. LinkedIn ikaficha mahusiano yao. Clubhouse ikaondoa picha na maelezo ya kurasa zao na kufanya wasipatikane kirahisi kwa utafutaji. Kitu kile ambacho Facebook ilikiita kero mwaka 2013 kikawa, miaka minane baadaye, ngao ya maisha. Kufunga profaili kulikuwa kumeshaanzishwa India mwaka 2020, hasa kwa ajili ya wanawake, na leo kuna watumiaji wengi wa Afrika Mashariki wanaojifungia hivyohivyo. Aliyejifunga hivyo jina lake hubaki likitafutika, kinachofichwa ni ya ndani.

Marehemu wana taratibu zao. Tangu 2009 Facebook inaweza kuugeuza ukurasa wa aliyefariki kuwa wa kumbukumbu, nao huacha kupendekezwa kwa watu kama rafiki mpya au kukumbushia siku yake ya kuzaliwa. Twitter ilikurupuka zaidi: Novemba 2019 ilitangaza kwamba akaunti zisizoguswa kwa miezi sita zitaanza kufutwa kuanzia tarehe 11 Desemba. Kampuni hiyo haikuwa imewafikiria wafu. Watu waliokuwa wakirudi kusoma maneno ya mwisho ya mama, kaka au rafiki walipiga kelele, na ndani ya siku moja au mbili mpango ukasimamishwa.

Na bloku yenyewe, inayosingiziwa yote haya, haina hata maana moja. Facebook ukimbloku mtu mnapoteana pande zote mbili, kana kwamba hamjawahi kujiunga. Twitter ilijaribu tarehe 12 Desemba 2013 kuilegeza, aliyeblokiwa aendelee kuona, na hasira za watumiaji zikailazimisha irudi nyuma saa chache tu baadaye. Novemba 2024, ikiwa sasa ni X ya Musk, ikafanya jambo hilohilo bila kujali kelele: aliyeblokiwa anaweza kusoma ukurasa ulio wazi, ila hawezi kujibu. Kwa hiyo mtu aliyetoweka kabisa X leo ana sababu nyingine. Huenda amezima akaunti, amefungiwa, au amebadili jina.

Kwa anayemtafuta mtu sasa hivi, basi, kuna ya kukagua kabla ya kukasirika. Fungua mazungumzo yenu ya zamani ya Messenger: jina likiwa limefutika na kubaki maelezo kwamba huyo ni mtumiaji wa Facebook tu, akaunti imezimwa, imefutwa au umeblokiwa. Mwombe mtu mwingine amtafute kwa simu yake. Akimwona, fungua kiungo cha ukurasa huo kwenye simu yako. Kikikataa, ndipo bloku iingie kwenye orodha ya watuhumiwa. Asipomwona naye, jaribu tahajia nyingine ya jina, jina la utani, jina la ndoa, na grupu la shule mliyosoma. Kumbuka pia kwamba Facebook humpa aliyeomba kufuta akaunti siku 30 za kughairi, na katika siku hizo haonekani, kisha anaweza kurudi na kila kitu chake. Yote hayo yakishindikana, mtafute nduguye akupe namba, umpigie.